Pumzi ya Kupulizia Moto

Ukitaka kumuudhi Mpimaji, ungemwambia kitu ni kikubwa halafu unyamaze. Angevua miwani, akakutazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake, kisha angeuliza, "Kikubwa kiasi gani?" Nilifanya naye kazi miaka mingi katika chumba cha picha cha hospitali moja wilayani Muleba, mimi nikiwa nesi wa kumwandalia wagonjwa, na sikumbuki hata siku moja neno "kubwa" lilipita mlangoni pake bila kukaguliwa.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Wagonjwa, masista, daktari mkuu, hata wauza ndizi wa getini, wote walisema Mpimaji, naye aliitika. Zamani alipiga eksirei. Baadaye, ilipoletwa ile mashine ya ultrasaundi, ikawa kazi yake kupima viungo vya tumboni: ini, bandama, figo, na uvimbe wowote uliojiotea pasipo ruhusa. Nasema kupima, siyo kutazama. Yeye alitaka kujua kama ini la huyu mama lingegeuka maji, lingejaza jagi mpaka wapi.

Kabla ya mashine, bandama zilipimwa kwa vidole. Daktari alipapasa tumbo, akapanga vidole vyake kuanzia ubavuni mpaka kwenye ukingo wa bandama, akaandika: vidole vinne. Mpimaji hakuweza kulala na jambo kama hilo. "Vidole vya nani?" aliuliza. Siku moja alileta mabishano hayo mbele ya mvuvi wa visiwani aliyekuwa na tumbo limejaa kwa ajili ya kichocho cha miaka. Daktari wetu, mtu wa mikono minene, akapata vidole vitatu. Sista, ambaye vidole vyake vilikuwa kama njiti, akapata vitano. Mvuvi alikuwa amelala pale anawasikiliza.

"Basi mimi nitibiwe na daktari," akasema. "Kwake nimeshapona kidogo."

Daktari alicheka mpaka akakaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitaka vipimo vya kweli, maana wavuvi wale walikuja, wakapewa dawa, wakarudi visiwani, na walipokuja tena baada ya miezi hakuna aliyeweza kusema kama bandama ilikuwa imerudi nyuma au la. Na wavuvi walimpenda Mpimaji kuliko sisi wote, kwa sababu aliongea lugha yao. Walizoea mizani. Mmoja aliniambia, "Sangara wangu nampima kwa kilo, sasa mimi mwenyewe nipimwe kwa vidole, nesi? Hata samaki ananizidi heshima?"

Njia yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Alipima kiungo kwa urefu, akageuza kishikio cha mashine, kile kinachopitishwa juu ya ngozi, akapima upana, akageuza tena akapima kwenda ndani. Alizidisha hivyo vitatu, kisha akachukua nusu na kidogo, kwa sababu, alisema, Mungu hakuumba figo kama tofali. Kulijua hilo hakukumtosha. Alitaka kuhakikisha. Alikuwa na rafiki yake mchinjaji pale Kagoma, Mwislamu mmoja aliyehamia kutoka Bukoba mjini, ambaye alimwekea figo za ng'ombe kila alipochinja. Mpimaji alizitumbukiza kwenye beseni la maji, akazipitishia kishikio, akapiga hesabu yake. Kisha alichukua jagi lenye mistari, akalijaza maji mpaka mstari fulani, akatia figo, na kuangalia maji yamepanda kiasi gani. Hesabu na maji zikikubaliana, siku hiyo alikuwa mtu mwema kwa kila mtu. Zikikataana, usimsogelee.

Baada ya hapo alizichoma figo zilezile kwenye jiko la mkaa nyuma ya chumba cha picha, akazila kwa chumvi. Nilimwambia mara nyingi kwamba jambo hilo linanitia kinyaa. "Nimeshazipima, zina kosa gani?" alijibu huku akinimegea kipande. Nilikula. Zilikuwa tamu.

Mtu angedhani jamaa wa namna hiyo alikuwa sahihi katika kila kitu. Wapi! Suruali zake zote zilikuwa fupi, unaona soksi moja ya kahawia na nyingine ya bluu. Alichelewa kazini kila Jumatatu. Nyumba aliyojijengea Kagoma ilikuwa na mlango ulioinama, na tulipomcheka alisema yeye ni fundi wa vitu vyenye uhai. Kwenye chai alitia sukari kwa kukisia, akaonja, akaongeza, akaonja tena, mpaka ikawa uji. Na alikuwa mwoga wa sindano kuliko watoto wa kliniki.

Ujuzi wake aliupata wakati wa vita. Alikuwa kijana wa eksirei huko Bukoba wakati mabomu yalipoanza kuvuka mto na watu wakakimbia na magodoro kichwani, wengi wakija huku kwetu Muleba. Yeye alibaki. Walimletea askari wenye vyuma mwilini. Hapo ndipo alipojifunza kwamba picha ya mbele itakuonyesha chuma kiko kwenye pafu, ukipiga ya ubavuni unakikuta kimelala kwenye nyama ya mgongo. "Shahidi mmoja hafungi mtu," alikuwa akisema, na wanafunzi wa uuguzi waliirudia kauli hiyo kwa kumwigiza sauti. Hawakujua ilikotoka. Mimi nilijua, kwa sababu aliniambia mara moja tukiwa tunanawa mikono: filamu zilikuwa zinaisha, askari mmoja kijana akapigwa picha moja tu, na daktari akamkata mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alifuta mikono, akaenda zake. Hakulirudia tena, nami sikumuuliza.

Lakini kilichompa taabu kuliko mashine na filamu ni adabu ya watu wetu. Ini limejificha chini ya mbavu. Ili ulione lote, mgonjwa lazima avute pumzi nyingi na aishikilie, ndipo ini lisukumwe lishuke. Sasa mwambie mama wa Kihaya, aliyelelewa kupiga magoti na kuitika kwa sauti ya chini, ajaze kifua mbele ya mwanamume aliyekaa kando ya kitanda. Atavuta kapumzi kadogo ka heshima, kama mtu anayekunywa chai ya moto ugenini. Ini linabaki juu, nusu yake gizani, na ukilipima hivyo utapata ini zuri, dogo, la mtu ambaye hayupo.

"Hiyo ni pumzi ya ugenini, waitu," Mpimaji angesema, kwa neno letu la heshima. "Nipe ya jikoni. Kuni ni mbichi, mvua imenyesha, watoto wanalia njaa, moto umekataa. Haya, vuta pumzi ya kupulizia huo moto."

Mama angecheka, hata aliyekuwa hoi, kisha angevuta pumzi ya kweli. Ikipungua, Mpimaji alisema, "Bado. Tena." Aliweza kusema "bado" mpaka mgonjwa akamchukia. Katika miaka yote ile sikumsikia hata siku moja akikubali pumzi ndogo.

Halafu ikaja ile miaka mingine. Tayari nimeandika mambo ya kuchekesha kiasi cha kutosha, na sehemu kubwa ya maisha yetu pale haikuwa ya kuchekesha. Ugonjwa ulipoanza tuliuita kwa jina la nguo ya fasheni iliyoletwa na watu wa magendo, tukadhani ni adhabu ya wafanyabiashara wa mpakani. Kisha ukawachukua walimu, makarani, mabibi harusi. Wodi ikajaa mpaka chini ya vitanda. Kila kibanja ulichopita kilikuwa na udongo mbichi katikati ya migomba, na kulikuwa na wiki ambazo watu waliacha kuulizana habari za nyumbani, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa ukatili.

Wagonjwa hao nao waliletwa kwa Mpimaji, maini na bandama zao zimevimba. Aliwapima wote kwa njia ileile, kwa pande zote tatu, na kwa maneno yaleyale ya moto na kuni. Dawa hatukuwa nayo. Kipimo kisingembadilishia mgonjwa kitu. Siku moja nilichoka, nikamfokea mbele ya msichana aliyekuwa mwepesi kama kapu tupu.

"Unampimia nini huyu? Kesho si tunamzika?"

Hakukasirika. Aliendelea kugeuza kishikio polepole. "Kesho," alisema. "Leo yupo, na amekuja kupimwa."

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Mpaka leo sijui kama hasira ile ilikuwa juu yake au juu ya hiyo kesho.

Mkewe alikufa kwa ugonjwa huohuo. Sitasema nani alimletea nani. Mkoa mzima ulikuwa ukiuliza swali hilo, na halikumponya mtu. Alimzika kibanjani, nyuma ya ile nyumba ya mlango ulioinama, akarudi kazini Jumatatu iliyofuata, na kwa mara ya kwanza aliwahi. Watoto wao, wasichana wawili na mvulana ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, walichukuliwa na mama mkwe wake huko Ngenge. Mama huyo alikuwa amezaa wengi na kuwazika wote. Mke wa Mpimaji ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alibakiwa na wajukuu, jembe na mbuzi wachache.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vijana wa siku hizi hulicheka. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani. Wakikaribiana njiani, mama anaingia migombani na kujifunika kanga, mwanamume anageuza uso mpaka apite. Hawali chumba kimoja, hawasemezani ana kwa ana, na kugusana ni neno ambalo hata kulitamka hulitamki. Hiyo si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizonazo. Kwa hiyo Mpimaji alipokwenda Ngenge kuwaona wanawe, hakuingia uani. Alisimama barabarani, akapiga mluzi, watoto wakatoka mbio. Unga na sabuni alimkabidhi binti mkubwa. Mara nyingine bibi alituma kikapu cha ndizi kwa njia hiyohiyo, na Mpimaji alisema, "Mwambie bibi kasinge," huku mwenye kushukuriwa yuko nyuma ya ukuta wa miti anasikia kila kitu.

Halafu mama mkwe akaanza kuugua. Homa, maumivu ya ubavu wa kulia, kukonda. Majirani wakatazamana: hata bibi? Watoto wakaanza kutengwa kisimani. Daktari wetu alipomwona alifurahi, na daktari hafurahi ovyo. Alisema si ule ugonjwa. Ni jipu la ini, lina dawa, mtu anapona kabisa. Kwanza vidonge. Jipu likipungua, tutaendelea na vidonge mpaka liishe. Lisipopungua, itabidi kuingiza sindano ndefu na kulinyonya usaha kabla halijapasuka, kwa sababu likipasukia kifuani hatakuwa na sisi tena. Sindano ile daktari aliiogopa, kwa mwili ulivyokuwa dhaifu, na hakutaka kuitumia bure. Kila kitu kilining'inia kwenye swali moja, lile swali la Mpimaji: kubwa kiasi gani?

Wa kulijibu alikuwa mmoja tu, na huyo ni mkwe.

Tulifanya kama watu wenye adabu. Tulifunga pazia kati ya kitanda na mashine. Mama akalala upande mmoja, kanga usoni, mimi nikashika kishikio na kukipitisha ubavuni mwake. Mpimaji akakaa upande wa pili anatazama kioo, ananielekeza kwa ishara za mkono kupitia mwanya wa pazia, wala hakutoa sauti. Mama hakujua nani yuko huko nyuma. Alivuta pumzi nilivyomwambia, siyo nyingi sana, lakini ya kutosha. Mpimaji alipima, akaandika.

Alipomeza vidonge siku kadhaa tulirudia. Safari hii vumbi la kiangazi lilimwingia Mpimaji kooni, akakohoa.

Mama alikakamaa kama mti. Alikijua kikohozi kile. Alikisikia kila mwezi barabarani kwake. Niliposema avute pumzi, alivuta kitu ambacho hakingezima kibiriti. Nilimwomba tena, akatikisa kichwa chini ya kanga. Mimi nilimngojea Mpimaji aseme "bado", aseme habari za kuni mbichi. Hakusema. Mkwe atamtaniaje mama mkwe habari za jiko lake? Alipima alichokiona, na alichokiona kilikuwa kidogo kuliko mara ya kwanza.

Daktari akasema dawa inafanya kazi. Tulimrudisha mama nyumbani na vidonge zaidi. Siku hiyo Mpimaji alininunulia soda.

Haikupita muda, binti mkubwa akaja hospitalini kuchukua sabuni. Mpimaji alimuuliza, kama kawaida, bibi hajambo? Msichana akasema hajambo, ila siku hizi halali chini. Analala amekaa, ameegemea ukuta. Na anashika bega. Bega lipi? La kulia. Anakohoa? Ndiyo, kikohozi kikavu. Nilikuwa nakunja mashuka pale, nikaona uso wa Mpimaji unaisha damu. Alimpa mtoto sabuni, akaingia chumba cha picha, akakaa kwenye kile kiti mbele ya kioo kilichozimwa.

"Nesi," akasema, "tulipima aibu yake. Ini hatukulipima."

Gari la hospitali lilikwenda kumchukua. Alishushwa kwa machela, akihema juu juu, na alipogundua anapelekwa chumba kilekile alianza kuvuta kanga. Mimi nilianza kufunga pazia. Mpimaji akalishika.

"Liache," alisema.

Alizunguka kitanda, akapiga magoti sakafuni. Mwanamume mzima, fundi wetu, na suruali yake fupi. Mama alitoa sauti ambayo sijaisikia tena, akageukia ukutani.

"Nesi, mtoe!" alinililia. "Mtoe huyu. Bora nife kuliko kuvuliwa nguo na mkwe wangu."

"Mama," Mpimaji alisema. Hakuwahi kumwita hivyo naye akasikia. "Mama, nisamehe. Nami ningekubali ufe na heshima yako, kama ningekuwa na mtu mwingine wa kumwachia watoto. Mimi sibaki. Mwanao hakuondoka peke yake, na mimi nimo njiani. Nimeshajua. Ukifa wewe, nami nikifa, wale wadogo watakaa na nani?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Nilikuwa nimesimama na bakuli la uji mwembamba wa muhogo, tuliokuwa tukiutumia badala ya jeli ya mashine ilipokwisha, nusu yake ikamwagikia viatu vyangu. Nilikuwa nikila naye figo nyuma ya chumba, namcheka soksi, na muda wote alikuwa amebeba hilo.

Mama, uso wake bado ukiwa ukutani, aliifungua kanga mwenyewe ubavuni, kiasi cha kiganja.

Mpimaji alipaka uji, akaweka kishikio. Mkono wake ulikuwa imara. "Kuni ni mbichi, mama," alisema polepole, kwa Kihaya, na sauti yake ilikatika katikati. "Mvua imenyesha. Watoto wanalia njaa. Vuta pumzi ya kupulizia moto."

Alivuta. Ilimuuma, niliona vidole vya miguu vikijikunja, lakini alivuta. Na pale kwenye kioo, kutoka chini ya mbavu ambako lilikuwa limejificha, lile jipu likashuka, jeusi, likashuka na bado likaendelea kushuka. Halikuwa limepungua. Lilikuwa limekua mara mbili.

"Bado," alisema. "Tena."

Alipima pande zote tatu, akamwambia daktari jipu lina ujazo gani, na sindano ipite wapi. Kisha akatoka nje. Daktari alinyonya usaha wa rangi ya kahawia, sindano baada ya sindano, tukaumimina kwenye lile jagi lenye mistari. Ulipokoma nilikwenda kumtafuta. Alikuwa ameegemea ukuta karibu na jiko lake la mkaa.

"Kiasi gani?" aliuliza, kabla sijafungua mdomo.

Nilimtajia mstari. Ulikuwa chini kidogo tu ya hesabu yake. Alikaa chini kwenye majivu akalia kwa sauti kama mtoto, nami nikakaa naye.

Mama alipona. Lakini mambo hayakuishia hapo, maana watu wana midomo. Habari zilifika Ngenge kabla yake: mkwe amemshika mama mkwe tumbo. Wazee wa ukoo walidai mbuzi wa kusafisha, Mpimaji akamtoa bila ubishi. Mama mwenyewe hakusema lolote. Alirudi kwenye jembe na wajukuu, na ikawa Mpimaji akipiga mluzi barabarani, anasikia mlango wa nyumba unafungwa. Vikapu vya ndizi vilikoma. Alilipokea hilo kama mtu anayelipa deni halali, lakini lilimuuma. Najua, kwa sababu alinyamaza, naye hakuwa mtu wa kunyamaza.

Msimu wa senene ulipofika, binti mkubwa alileta kopo la senene wa kukaanga. Hakukuwa na salamu. Mpimaji alionja mmoja, akakunja uso. "Chumvi nyingi," alisema. "Bado ana hasira." Msimu uliofuata kopo lilikuja tena, nikamuuliza chumvi ikoje. Alitafuna kwa makini ya mtu anayepima. "Imepungua," akasema, na alitabasamu mchana kutwa.

Alipoanza kudhoofika hakukubali kupimwa. Mtu aliyepima mkoa mzima! Nilimwambia alale nimpitishie kishikio, alikuwa amenifundisha vizuri. Alikataa. "Mimi najijua," alisema. Nadhani aliogopa, kama alivyoogopa sindano, na nilimpenda zaidi kwa ajili ya hilo. Alifanya kazi mpaka siku aliposhindwa kugeuza kishikio kwa mkono mmoja. Alinikabidhi jagi, akaenda Kagoma.

Nilimtembelea mara nyingi, lakini nitaeleza mara moja tu. Ilikuwa alasiri, baada ya mvua. Nilibeba maziwa na mashuka safi, nikijua hana wa kumfulia. Mlango wake ulioinama ulikuwa wazi. Niliinama nikaingia, nikasimama palepale, maziwa mkononi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Kanga ilikuwa mabegani. Uso ulikuwa wazi, nami ndiyo mara ya kwanza nauona vizuri: uso mpana, mweusi, wenye mikunjo ya jua, uso wa marehemu mke wa Mpimaji kama angeachwa azeeke. Kichwa cha Mpimaji alikuwa amekilaza mapajani pake. Alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko. Nje, upande wa kaburi, nilisikia watoto wakipalilia.

"Kaa, nesi," mama alisema. "Unashangaa nini?"

Nilisema, "Mama, wazee watasemaje?"

"Waseme. Mbuzi ninao." Alimfuta Mpimaji mdomo kwa ncha ya kanga. "Huyu alishaniona. Mtu akishakuona unakufa, akakataa ufe, utajificha wapi tena? Nilikasirika miaka mingi. Nilikasirika vibaya. Kisha nikatazama, watoto wamekua, nami nipo."

Mpimaji alifungua macho. Alikuwa mwepesi, amebaki macho na vidole. Aliniona, akataka kusema kitu, nadhani mzaha kuhusu soksi zangu, lakini uji ulimpalia akaanza kukohoa, na kikohozi hakikumwachia. Nilisogea. Mama alikuwa ameshamwinua. Mkono mmoja ulimshika mgongoni, na ule mwingine akauweka ubavuni mwake wa kulia, chini ya mbavu, mahali palepale.

"Pole, mwanangu. Pole," alisema. "Kuni ni mbichi, si unajua? Vuta pumzi ya kupulizia moto."

Alijaribu. Niliona shingo yake inakaza, mabega yanapanda, mtu yule aliyewakatalia wagonjwa wote pumzi ya ugenini. Ilikuja ndogo, ikaishia njiani. Alimtazama mama mkwe wake kwa aibu, akisubiri aambiwe bado.

Mama alimlaza tena mapajani, akamtandazia kanga.

"Inatosha, mwanangu," alimwambia. "Hiyo inatosha."